Bwana Afya Amerudia Darasa

9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nikutoe wasiwasi mapema: tunakula, tunalala, na binti yangu Pilipili ameota lile jino la mbele lililogoma tangu mwezi wa kumi. Anakusalimu kwa jino hilo. Kazi mpya si mbaya. Tuko mafundi umeme sita, na vyumba vya chini vya mitambo nimepewa mimi kwa sababu wenzangu hawapiti mlangoni. Mguu wako unaendeleaje? Usinijibu "mzima" tu, maana uzima wako naujua.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Afya amefukuzwa nyumba. Hujawahi kumwona, kwa hiyo nieleze: ni mbwa wa Pilipili, rangi ya mchanga, umri mwaka na nusu, na tulimpa jina hilo kwa sababu kila nyumba anayoingia anakagua jikoni kwanza. Huku tumepanga kwenye jengo la ghorofa tatu, familia kumi na mbili, ngazi moja. Wiki ya kwanza alikagua majiko manne. Wiki ya pili alimrukia mama mmoja wa ghorofa ya juu aliyekuwa amebeba kapu la mayai. Hakumng'ata, alikuwa anamsalimu tu, lakini mayai hayakuelewa hivyo.

Msimamizi wa jengo aliniita, tena kwa adabu. Kasema mbwa atoke, na akishajifunza kutii anaweza kurudi. Atampima mwenyewe uani: aitwe aje, aambiwe akae akae, apite mtu na chakula asiondoke mahali pake. Nafasi yetu ya ua wa nyuma ataishikilia hadi tarehe 31 Julai. Siku hiyo ikipita anampa mpangaji mwingine aweke pikipiki zake.

Nakuomba umfundishe wewe. Mimi natoka alfajiri narudi jioni nimechoka. Wewe umestaafu, una ua mpana, na umefundisha watoto miaka thelathini na nne, hata wale walioshindikana kwao. Dereva wa lori la kampuni yetu anapita kwenu kila mwezi karibu na tarehe kumi na saba. Barua hii anaileta yeye pamoja na mbwa, kwa hiyo unapoisoma mgeni yuko miguuni pako. Samahani kwa kutosubiri jibu. Ningesubiri, ungekataa.

Nimefunga pia kitabu kidogo cha mafunzo nilichopewa na daktari wa mifugo; nakala ya pili ninayo mimi. Pilipili nimemwambia ni miezi mitatu. Hajakubali.

Mpwa wako


29 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma kama mguu wa miaka sitini na sita unavyotakiwa kuuma. Paa la jikoni limeanza tena kuvuja kwenye ile pembe uliyoziba wewe. Jirani yangu seremala bado anagonga misumari saa nane mchana, watu wamelala. Nimemwandikia barua. Anaishi hatua ishirini kutoka kwangu na hajajibu. Mwambie Pilipili jino nimelipokea.

Mgeni wako alishuka kwenye lori, akanipita mlangoni bila hodi, na nilipomfuata nilimkuta kichwa chake kiko ndani ya sufuria ya maziwa. Kwa hiyo hatukutambulishana vizuri.

Kitabu nimekimaliza kwa siku moja. Kinataka mbwa apewe kipande cha nyama kila anapotii. Nikajiuliza, watoto wa darasa la kwanza ningewapa pipi kwa kila herufi, si wangeishia kwenye herufi ya tatu meno yamekwisha? Nikatumia njia yangu. Nilimwambia "Kaa" kwa sauti ya paredi, ile uliyokuwa unaisikia hadi chooni. Siku nne. Alinitazama kwa heshima na hakukaa. Siku ya tano nilifuata kitabu: unashika kipande juu ya pua, unakirudisha nyuma taratibu kuelekea masikioni, kichwa kinapanda, matako yanashuka yenyewe. Hapo ndipo unasema "Kaa", mara moja, na unampa. Ilichukua dakika sita. Sipendi kukiri jambo hili, lakini limetokea.

Sasa kila Jumatatu naenda buchani kununua ini. Nalichemsha, nalikata vipande vidogo kama punje za mahindi. Muuza nyama anadhani nina upungufu wa damu na ameanza kunichagulia.

Ratiba ni hii. Saa moja na nusu kengele, ile ya mkono niliyoondoka nayo shuleni walipoleta ya umeme. Kisha naita mahudhurio, ingawa yuko mmoja. Kipindi cha kwanza dakika kumi, mapumziko, kipindi cha pili dakika kumi, jioni marudio. Maksi naziandika kwenye daftari la kaunta. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu bado mbichi kiasi.

Ile simu uliyoniachia imo kwenye boksi lake. Usihangaike kuipiga. Mambo ya maana yanaandikwa.

Shangazi


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mguu, paa na seremala. Sisi tuko salama. Nilipata homa siku tatu, imekwisha. Pilipili amehamia shule iliyo karibu na kazini kwangu. Anasema mwalimu ni mpole sana na hafundishi. Nikamwambia asubiri akutane na wewe.

Nimeisoma barua yako kwa sauti na nikalazimika kurudia mara mbili pale penye sufuria ya maziwa. Amechora kalenda ya miezi mitatu akaibandika nyuma ya mlango. Kila asubuhi anakata siku moja kwa kalamu nyekundu kabla hajapiga mswaki. Jioni nikiingia swali la kwanza ni, "Bibi ameandika?"

Ombi moja: tilia mkazo "Subiri". Msimamizi ana wasiwasi zaidi na hilo. Kitabu kinasema anza na sekunde tatu, mbwa amekaa, wewe umesimama mbele yake. Kisha tano, kisha kumi, halafu ndipo urudi nyuma hatua moja. Usiongeze muda na umbali siku moja.

Mpwa wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa homa. Nadhani hukuwa unakula. Mvua imeanza mapema na sufuria mbili ziko chini ya ile pembe ya paa. Muuza nyama ameniuliza kwa siri kama nimekwenda kwa daktari. Nimemwambia ini ni la mwanafunzi wangu. Sasa ananiangalia kwa huruma ya aina nyingine.

Taarifa ya muhula wa kwanza:

Kaa: 74. Anakaa, ila anakaa upande, kama mtu anayetarajia kuitwa.
Lala: 61.
Subiri: 22.
Njoo: 30. Anakuja, lakini kwa moyo mzito.
Tabia: Anaridhisha. Jikoni sasa anabisha kwa mguu kabla ya kuingia.
Maoni ya mwalimu: Hajafikia kiwango. Arudie darasa.

Najua mlitarajia vingine. Ningeweza kumpitisha kwa upendeleo, lakini mkimpeleka mbele ya msimamizi akaanguka mtihani, mlango utafungwa moja kwa moja. Haraka haraka haina baraka. Muda upo hadi Julai. Dereva akija tarehe kumi na saba Aprili nitamwambia hakuna abiria.

Siku hizi analala mlangoni pa chumba changu. Hilo sikumfundisha na sijalipa maksi.

Shangazi


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea taarifa. Pilipili aliisoma mwenyewe, kimya, akasema, "Ishirini na mbili ni mbaya sana?" Nikasema inategemea ni kati ya ngapi. Akaenda akabandua kalenda, akachora nyingine ndefu zaidi. Safari hii hakutumia kalamu nyekundu.

Kuhusu "Njoo", kitabu kina ukurasa mzima. Ukimwita usimfuate. Mpe mgongo, piga hatua tano kama unayekimbia, na atakufuata mwenyewe. Najua mguu wako haukimbii, geuka tu. Na usimwite kamwe kwa ajili ya kumgombeza au kumfungia, maana atajifunza kwamba kuitwa ni hasara.

Ila jambo moja linanishangaza. Hapa kwetu alikuwa anakuja kabla hujamaliza kulitaja jina lake. Shida yake ilikuwa kuja sana. Labda ni ugeni.

Kazini wametupa mabuti mapya. Yangu yanabana. Ziba ile pembe ya paa, usingoje nije.

Mpwa wako


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mabuti yanayobana yajaze magazeti yaliyolowa, uyaache hadi asubuhi. Seremala hatimaye amejibu barua yangu, kwa kuja mwenyewe na msumeno. Amebadilisha ubao wa pembe ya paa na hakuna kinachovuja. Amelala mchana kwa wiki nzima tangu hapo, sijui ni mimi nimeshinda au ni uchovu.

Taarifa ya katikati ya muhula: Kaa 70. Lala 60. Subiri 25. Njoo 28.

Umeuliza kuhusu ugeni. Ndiyo, ni ugeni, pamoja na mvua, pamoja na paka wa seremala, pamoja na umri. Mbwa wa mwaka na nusu ana mambo mengi kichwani. Wastani umeshuka kidogo na sitaki kuwaficha. Mwalimu mwaminifu hawezi kusema atakuwa tayari Julai. Huenda mwakani.

Nimewaza kuhusu Pilipili. Mtoto wa miaka tisa hafai kuwekwa roho juu kwa mwaka mzima. Mtafutie paka. Paka haombwi kukaa, haulizwi chochote na msimamizi, na jengo lenyewe bila shaka lina panya.

Shangazi


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mabuti yameachia.

Dereva aliporudi safari ya mwezi huu alinitafuta hadi chumba cha mitambo. Alikuletea kifurushi changu cha dawa ya kuchua, unakumbuka. Anasema alibisha, na mlango ulifunguliwa na mbwa. Wewe ulikuwa kitini, mguu juu ya kigoda. Ukasema, "Pokea," mbwa akakichukua kifurushi mkononi mwa dereva akakuletea bila kukilowesha. Ukasema, "Subiri," na paka wa seremala akakatiza katikati ya chumba, mbwa akageuza macho tu. Kisha uliingia chumba cha pili kutafuta kalamu ya kusaini, na ukiwa huko ukamwita kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda. Dereva anafuga mbwa wawili na anasema hajaona kitu kama hicho maishani. Ameniuliza kama utapokea na wa kwake.

Nikamwambia mbwa huyo ana maksi ishirini na nane. Akacheka, akidhani natania.

Shangazi, mimi sikucheka. Nilibaki pale chini kwenye mitambo, nikakumbuka mwaka niliorudia darasa la mwisho. Ulikuwa mlezi wangu na mwalimu mkuu, bahasha ya matokeo ilikuja kwako. Wenzangu watano walipanda basi kwenda shule ya bweni, safari ya siku mbili. Mimi uliniita sebuleni, ukanisomea: hesabu, thelathini na nane. Ukasema nirudie, muda upo. Mwaka uliofuata ile shule ya bweni haikuchukua tena wanafunzi wa kwetu, nikaenda ya pale karibu, nikilala nyumbani.

Unajua kazini wananiitaje? Mara Tatu. Kila hesabu ya waya naifanya mara tatu kabla sijaamini. Wenzangu wanafikiri ni umakini. Mimi nilikuwa najua ni kwa sababu ya thelathini na nane.

Pilipili ameacha kuuliza kama umeandika. Kalenda bado ipo lakini hakati tena siku. Jana nilimuuliza kama anataka paka, akasema, "Na yeye tutampeleka wapi?"

Nina swali moja tu, na nalileta kwa heshima zote. Nilipata ngapi?

Mpwa wako


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mabuti yameachia. Huku jua limerudi na nimeanika magodoro yote. Muuza nyama amefiwa na mama yake, nilikwenda kutoa pole. Yule mama wa maktaba uliyekuwa unamwogopa amestaafu naye. Tulikutana njiani, akakuulizia. Seremala ananitengenezea kabati dogo la vitabu ambalo sikumwagiza.

Mwanafunzi alikohoa siku mbili, amepona. Nadhani alimeza unyoya.

Kuhusu hayo mengine uliyoandika, ni mambo ya zamani na mafaili ya shule sinayo.

Shangazi


17 Julai

Mwanangu,

Umekaa mwezi mzima bila kuniandikia. Haijawahi kutokea, hata ulipokuwa na surua. Kwa hiyo naandika mimi. Natumaini mnakula.

Barua hii anaileta dereva pamoja na Bwana Afya. Mfungue kamba kabla hujasoma zaidi, amekaa njiani siku mbili.

Taarifa ya mwisho. Kaa 98. Lala 97. Subiri 100. Njoo 100. Maksi hizo alizipata tarehe 2 Machi, kabla sijaandika ile taarifa ya kwanza. Nilizipanga zile nyingine usiku ule mezani, nikaweka sabini na nne kwenye Kaa ili mwamini. Mwalimu anajua namba zipi zinaaminika.

Mwezi uliopita lori lilisimama hapa tarehe 17. Dereva akauliza kama kuna mzigo wa kwenda. Nikasimama mlangoni, nikamwambia hakuna. Mzigo ulikuwa nyuma yangu, umekaa kwa amri yangu, wala haukubweka. Dereva alipoondoka nilimpa mwanafunzi wangu kipande cha ini na sikuweza kumtazama usoni. Nina miaka sitini na sita na nimeshindwa kumtazama mbwa.

Ulipata themanini na moja. Ya tatu kwa hesabu katika shule yetu. Jina lako lilikuwa kwenye orodha ya bweni, namba mbili. Niliandika barua kwa mkono wangu kwamba mlezi ameomba urudie, nikaipiga muhuri wa shule. Nikakuita sebuleni.

Sitakuambia kwamba ulikuwa mdogo mno, au kwamba mabweni yale yalikuwa na njaa, ingawa nilijiambia hivyo kwa miaka mingi. Baba yako alikuwa amefariki miaka mitano kabla, nilikuwa nimekuzoea, na nyumba ilikuwa na watu wawili. Ukipanda basi ingebaki na mmoja. Niliogopa. Ndiyo sababu, haina nyingine nyuma yake. Nilisema ni mwaka mmoja tu, kisha nitakuachia. Sikujua kwamba namba niliyoitunga kwa dakika moja ungeibeba kazini hadi leo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka ishirini na sita.

Nimekukosea. Nilikuibia mwaka, nikakufanya uamini huna akili ya hesabu, nawe ulikuwa nayo. Siombi unijibu.

Mbwa hupewa chakula saa kumi na mbili na nusu. Akibisha mlango wa jikoni, usimwache ajibiwe na ukimya.

Shangazi


4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama. Nimechelewa kwa makusudi, na sitasingizia posta.

Mbwa alifika tarehe 19, mchana. Pilipili alikuwa ngazini. Hakushuka. Nikamwambia, "Mwite." Akasema, "Tumwache kwanza. Labda amemzoea Bibi." Alisimama pale ameshika reli kwa mikono miwili, anajikaza asilie. Mbwa alikaa chini uani alipofunguliwa kamba, akanusa upepo, akapanda ngazi bila mtu kumwambia. Sitaandika yaliyofuata, kwa sababu nilitoka nje.

Msimamizi alimpima siku nne baadaye. Alikuja na karatasi kama mtu wa mtihani, ungempenda. Kukaa, kulala, kuitwa kutoka ng'ambo ya ua, yote safi. Mwishoni akamwita yule mama wa ghorofa ya juu, akapita na kapu la mayai mara mbili, ya pili polepole, kwa visa. Bwana Afya alitetemeka pua, hakuinuka. Msimamizi akanipa mkono, akauliza nani amemfundisha. Nikasema shangazi yangu. Nilisema kwa fahari, halafu nikakumbuka nimekukasirikia.

Maana nimekasirika, na bado. Usidhani nimeandika ili kufuta. Nilipomaliza shule kulikuwa na chuo cha uhandisi, fomu nikaipata, ukurasa wa pili wakauliza alama za hesabu katika shule zote. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikaenda kushika bisibisi. Naipenda kazi yangu. Lakini niliichagua nikiwa nimesimama mahali ambapo uliniweka wewe, nikidhani nimejiweka mwenyewe. Siku mbili hizi nimekuwa nafanya hesabu ya waya mara moja tu. Inatoka sahihi. Hilo nalo linaniudhi.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu hukuniuliza. Mwaka ule sikutaka kwenda. Kila jioni nilikuwa nawaza jinsi ya kulikosa lile basi. Nilikuwa nimechagua pa kujificha, stoo ya shule, nyuma ya madawati mabovu, nikawa nimeweka chupa ya maji huko. Niliogopa kukuambia kwa sababu ulikuwa unasema mbele ya watu kwamba mtoto wa mwalimu mkuu lazima aende mbele. Uliponisomea thelathini na nane nililia, na ukadhani nalilia shule. Nililia kwa sababu nilidhani nimekuaibisha.

Hukuwa na haja ya kunifelisha, Shangazi. Ungesema, "Baki," ningebaki. Na huyu mbwa ungetuambia unampenda, tungekaa mezani sote tukapanga, hata na Pilipili, maana si mtoto wa kukosa huruma. Lakini wewe unafundisha kila kiumbe kutii na hujawahi kumwomba yeyote kitu.

Shule ya Pilipili inafungwa tarehe 5 Septemba kwa wiki tatu, na mimi nina likizo yangu. Sikuambii tunakuja. Ukitaka tuje, andika hivyo, wewe mwenyewe, bila kusingizia paa wala mguu wala marudio ya mbwa. Usipoandika nitaelewa, na tutakwenda kwingine.

Mpwa wako


19 Agosti

Mwanangu,

Nataka mje. Sipendi kuishi peke yangu, na sijawahi kupenda. Naomba.

Shangazi